Barua ya wazi kwa mnaotoa vibali vya kuchukua viumbe wa baharini: mifuko yetu 63 iko wapi?

Kwa waheshimiwa viongozi mnaosimamia utafiti wa bahari na vibali vya sampuli za viumbe hai, bara na visiwani.

Asalaam aleikum, na poleni na kazi.

YAH: SAMPULI ZA SPONJI NA VIUMBE WENGINE ZILIZOTOLEWA KWENYE MWAMBA WETU FEBRUARI 2019 NA TAARIFA YAKE HAIJARUDI MPAKA LEO

Waheshimiwa, mimi ni nahodha wa boti na mpiga mbizi, mzaliwa wa pwani ya kusini, kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba, na nimo kwenye kamati ya kijiji inayosimamia uvuvi. Naandika hadharani kwa sababu kimya kimya nimeshaandika mara tatu, 2020, 2022 na 2023, na ofisini nimekwenda kwa miguu yangu mara mbili na nauli yangu mfukoni, mara ya kwanza nikaambiwa mhusika yuko safari, mara ya pili nikaambiwa mhusika amehamishwa na faili halionekani. Imeili alizonitumia kijana wangu hakuna hata moja iliyojibiwa. Sina ugomvi na mtu, na sitataja jina la mtu wala la ofisi humu, anayehusika akisoma atajijua. Ila jambo lenyewe ni zito na nataka wengi walisikie.

Ilikuwa Februari 2019, kaskazi imetulia, maji meupe unaona chini mpaka mita ishirini. Wakaja wageni wanne na mtaalamu mmoja wa hapa hapa nchini, wana kibali chenye mhuri, wakakisoma mbele ya mwenyekiti wa kijiji na wazee, wakasema wanatafuta dawa ya saratani kwenye viumbe wa baharini. Watu walishangaa kidogo, wengine wakacheka, mimi nikapewa kazi ya kuwapeleka. Siku sita nimezama nao. Mimi ndo niliyewaonyesha pango la upande wa kusini ambako sponji zinaota nyekundu na za manjano, mimi ndo niliyewaambia ile ya rangi ya chungwa msiishike mikono mitupu itawawasha siku mbili, na mke wangu na wenzake wanaoshuka pwani maji yakipwa ndo waliowaletea konokono yule mnene asiye na gamba juu, ukimgusa anatoa wino wa zambarau. Malipo ya boti, mafuta na kuzamia nilipewa yote, hapo sikudhulumiwa na nasema wazi. Kila walichotoa kilipigwa picha, kikapewa namba, kikaingia kwenye mfuko, mingine ikawekwa kwenye barafu na vipande vingine kwenye chupa za spiriti. Jioni nikirudi nyumbani nilikuwa naandika kwenye daftari la mistari la mwanangu, tarehe, mahali, kina, namba ya mfuko, na sisi tunakiitaje hicho kitu. Sijui kwa nini niliandika, ni tabia ya baba, yeye alikuwa anaandika samaki. Mifuko ilifika 63.

Wakati wa kuagana walisimama tena mbele ya kijiji wakasema baada ya mwaka mmoja mtaletewa taarifa kwa Kiswahili, tumepata nini na kimekwenda wapi. Watu wakapiga makofi. Na mpaka leo hakuna karatasi hata moja iliyorudi.

Mwanzo sikulibeba moyoni, nilidhani ndo mambo ya wakubwa. Kilichonigeuza ni mwaka 2021, mtoto wa dada yangu alipokutwa na saratani ya damu. Nimekaa naye wodini wiki kwa wiki, dada akichoka nashika zamu mimi. Siku moja daktari kijana akaniuliza kazi yangu, nikamwambia mimi ni mtu wa baharini, nazamia. Akanionyesha dripu, akasema basi hii dawa imetoka kwenye kazi yako, inaitwa sitarabini, asili yake ni sponji. Na ile nyingine anayochomwa, vinkristini, imetoka kwenye yale maua ya pinki yanayoota nje ya nyumba nyingi za kwetu pwani, asili yake Madagaska, ambako wazee wetu walikuita Bukini. Waheshimiwa, nilikaa chini. Dawa mbili ndani ya mwili wa mtoto mmoja, moja ya bahari moja ya ua la jirani zetu ng'ambo ya maji. Mtoto yupo, anasoma, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo, ile mifuko 63 sikuweza kuiacha tena.

Nimesoma sana tangu hapo, kijana wangu ananitafsiria usiku, nikiwa na swali namuuliza yule daktari kwenye WhatsApp. Na malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna anayeweza kuniambia sampuli zetu ziko wapi

Hili ndo la kwanza na ndo mzizi wa yote. Sijui kama ziko kwenye friza Dar, Zanzibar, Ulaya au zilishatupwa umeme ulipokatika. Sijui kama zimepimwa. Sijui kama kuna nakala iliyobaki nchini. Sio kwamba nataka kuambiwa siri ya dawa, nauliza kitu ambacho hata muuza duka anakijua kuhusu mzigo wake: umetoka, umekwenda wapi, nani kaupokea. Itifaki ya Nagoya, yaani makubaliano ya mataifa kuhusu kuchukua viumbe hai na kugawana faida yake, ilipitishwa huko Japani Oktoba 2010 na ikaanza kazi Oktoba 2014, Kenya walikuwemo mapema, na nchi yetu Tanzania ikajiunga 2018. Sisi tumechukuliwa vitu Februari 2019, yaani itifaki imeshatushika. Inataka ridhaa iombwe kabla, makubaliano yawe ya pande mbili, faida igawanwe, na kibali kikishaandikishwa kwenye daftari la kimataifa la mtandaoni kinakuwa cheti kinachotambulika dunia nzima. Sasa kibali chetu kiko humo au hakimo? Kijana wangu ametafuta, hakukiona. Kama kipo mtuonyeshe tu, maana hata hilo ni jibu.

2. Dawa inachukua miaka arobaini, karatasi zetu zinapotea ndani ya miaka mitatu

Hapa naomba mnivumilie kwa sababu hapa ndo pana uchungu wenyewe.

Hiyo dawa aliyopewa mtoto wetu ilianzaje? Mtu mmoja anaitwa Werner Bergmann alitoa sponji kwenye maji ya kina kifupi kule Florida, Marekani, miaka ya 1940, akakuta ndani yake vitu vinavyofanana na matofali ya kujengea vinasaba lakini sukari yake ni nyingine. Akaandika habari zake mwaka 1950 na 1951. Mwaka 1959 kule California wakatengeneza sitarabini kwa kufuata mfano huo, na ikaruhusiwa Marekani kwa wagonjwa mwaka 1969. Yule daktari alinieleza hivi: seli ya saratani inajenga haraka haraka, inaokota tofali bila kuliangalia, ikishaweka hili tofali la uongo ukuta hauendi mbele, seli inakufa. Kuanzia sponji kutoka majini mpaka ruhusa ni zaidi ya miaka ishirini, na hiyo ndo haraka.

Sasa njoo kwenye bahari yetu hii hii ya Hindi. Mwaka 1972 watu wa profesa George Pettit wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua kisiwani Morisi konokono anayeitwa sungura wa bahari, jina lake la kisayansi Dolabella auricularia. Huyo ndo konokono wa wino wa zambarau ninayemsema, yupo kwenye nyasi za bahari kuanzia huko mpaka kwetu, kila kijiji kina jina lake. Ilichukua mpaka 1987 kuujua vizuri muundo wa sumu iliyomo ndani yake, iliyoitwa dolastatini 10. Ilipojaribiwa peke yake kwa wagonjwa haikufaa. Wakatengeneza ndugu yake maabara, wakamfunga kwenye kingamwili inayoijua seli ya saratani, ikawa kama barua yenye anwani, sumu inafunguliwa ikishafika ndani ya ile seli. Dawa hiyo ikaruhusiwa Marekani Agosti 2011 kwa saratani ya tezi za limfu aina ya Hodgkin. Toka 1972 mpaka 2011 ni miaka 39! Na baada yake zimefuata nyingine kadhaa zinazobeba sumu ya ukoo huo huo, za saratani ya kibofu, ya shingo ya kizazi, na aina nyingine za saratani ya tezi za limfu.

Fikirieni waheshimiwa, mtoto aliyezaliwa siku ile anachukuliwa konokono wa Morisi, dawa inatoka yeye ana miaka 39 na watoto wake. Sisi baada ya miaka mitatu tu tunaambiwa faili halionekani. Ikitokea kwamba mfuko wetu namba 27 una kitu, mimi nitakuwa nimekufa, mtaalamu aliyekuwa nao atakuwa amestaafu au amekufa, nani atasimama aseme hii ilitoka kwetu na tulikubaliana hivi? Bila maandishi yaliyo wazi kwa kila mtu kwetu hapatakuwa na cha kudai, hata watu wote wakiwa na nia njema.

Na msidhani naota. Kule Madagaska ilitolewa sponji ambayo kampuni ya Kihispania ilipata ndani yake kitu cha kuzuia seli zisigawanyike, kikatengenezwa maabara na kikajaribiwa kwa wagonjwa. Hiyo ni bahari yetu na sponji za ukanda wetu. Na majirani zetu wa Kenya wanajua uchungu wa kudai umechelewa, vijidudu vya Ziwa Bogoria vilichukuliwa 1992, vikatoa vimeng'enya vya sabuni na vya kufubaza jinzi huko nje, madai yakaanza zaidi ya miaka kumi baadaye na mpaka ufike hapo mambo yameshakuwa mazito.

3. Hakuna aliyetuambia kiasi gani kinaruhusiwa kutolewa

Mifuko yetu ilikuwa vipande vidogo, hilo silalamikii. Lakini nimesoma yaliyotokea kwingine nikaingiwa na hofu. Japani mwaka 1986 wanasayansi Hirata na Uemura walitumia kilo 600 za sponji nyeusi kupata miligramu 12.5 za kitu kinachoitwa halikondrini B. Miligramu kumi na mbili na nusu! Marekani walikusanya karibu tani 13 za kiumbe mmoja anayeota hata kwenye matumbo ya meli ili wapate gramu 18 za brayostatini, nayo ni ya kujaribia dawa ya saratani. Sasa wakirudi wakasema mfuko wa 27 ni mzuri tunataka tani mbili, nani kwetu amepima kwamba mwamba ule una tani ngapi? New Zealand walipoombwa tani moja ya sponji yenye halikondrini walipima kwanza zipo kiasi gani chini kule, ndo wakaruhusu, na wakajaribu kuzilima. Kulima sponji hata hapa inafanyika, kina mama wa Jambiani kule Unguja wanalima sponji za kuogea kwenye kamba, kwa hiyo mikono inayojua kazi hiyo ipo.

Najua mtasema siku hizi zinatengenezwa maabara. Kweli kabisa. Profesa Kishi wa Harvard alifanikiwa kuitengeneza halikondrini B yote mwaka 1992, na kipande chake kilichofupishwa ndo dawa ya eribulini iliyoruhusiwa Novemba 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Ile dawa ya saratani inayoitwa trabektedini, iliyotoka kwa mnyama laini anayejishika kwenye mizizi ya mikoko huko Karibiani, sasa inaanzia kwa bakteria wanaofugwa kwenye matangi kiwandani. Lakini mpaka kufika huko kuna miaka ya kuchukua tu, na mwamba wetu ukishakombwa hauna maabara ya kuurudisha.

4. Mwamba wenyewe unakufa tukiwa tumekaa

Sponji haina meno, haina gamba, haina miguu ya kukimbilia. Imekaa pale pale inanyonya maji, kila mwenye njaa anaiona. Silaha yake ni kemikali tu, yake au ya vijidudu vinavyoishi ndani yake, ndo maana humo ndo panatafutwa dawa. Kemikali hizo zimetengenezwa kwa vita ya miaka mingi sana pale mwambani. Baruti moja inamaliza hiyo vita ndani ya sekunde. Nimezama sehemu zilizopigwa baruti, ni kifusi, huoni hata rangi. Na joto la maji la 1998 na lile la 2016 liliyapausha matumbawe, sehemu nyingine hayakurudi, na yakifa matumbawe na sponji za pangoni zinakosa pa kushika. Tunaposema linda mwamba tunaambiwa ni habari za watalii. Kwangu mimi ni duka la dawa ambalo hatujalifungua hata rafu moja.

5. Kimya chenu kinawalisha matapeli

Kwa sababu hakuna taarifa rasmi, maneno yamejaa yenyewe. Mjini watu wanauziwa unga wa jongoo bahari kwa jina la dawa ya saratani. Mama mmoja wa kijijini kwetu aliacha kwenda hospitali kwa miezi akinywa huo unga, alivyorudi daktari akasema umechelewa. Ni kweli jongoo bahari ana kemikali zinazoua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara, lakini kutoka chombo cha maabara mpaka mwilini mwa mtu ni safari ndefu, nyingi zinafia njiani. Hiyo eribulini mgonjwa mzima anapewa miligramu kama mbili au tatu tu kwa mara moja, imepimwa, inaangaliwa, kwa sababu ni sumu. Huwezi kuikadiria kwa kijiko. Mngekuwa mnatoa taarifa kwa Kiswahili cha kueleweka, watu wangejua kipi kimethibitishwa na kipi bado kiko kwenye chupa.

Sasa najua majibu yatakuwaje, maana mengine nimeshapewa mlangoni.

Mtasema hakuna dawa iliyopatikana kwa hiyo hakuna faida ya kugawana. Mimi sikuomba pesa. Itifaki yenyewe inataja faida zisizo za pesa, matokeo ya utafiti, mafunzo, ushirikiano. Hata kuambiwa "tumepima mifuko 63 hatujaona kitu" ni faida, itamzuia mwingine asije kukata sponji zile zile kwa swali lile lile.

Mtasema ni siri za utafiti. Sijaomba muundo wa kemikali. Nimeomba jina la kiumbe, tarehe, mahali kwa jumla, taasisi iliyopokea, na hali yake sasa, ipo, imetumika, imeharibika. Hakuna hakimiliki inayovunjika kwa hayo. Kama mna hofu ya wezi, mahali penyewe hasa pangoni pafichwe, hata mimi sitaki pajulikane.

Mtasema mkibanwa sana watafiti watakimbia. Nadhani ni kinyume. Mtafiti mkweli anahitaji cheti chenye mstari ulionyooka, maana huko kwao atakuja kuulizwa ulitoa wapi. Anayekimbia kwa sababu ya daftari naomba akimbie.

Mtasema hakuna bajeti. Mimi nimeweka kumbukumbu ya mifuko 63 kwa daftari la mtoto wa shule na kalamu moja. Sidhani kompyuta moja na kijana mmoja wa kuingiza namba inashinda serikali.

Na kuna moja niliambiwa usoni, kwamba nyie wavuvi haya mambo hamtayaelewa. Hili liliniumiza kuliko yote. Waliokuja na digrii zao waliniuliza mimi sponji ipi inawasha, ipi inaliwa na kasa, ipi ikikatwa inaota tena. Sisi tumeelewa kiasi cha kuwaongoza chini ya maji, basi tutaelewa na karatasi ikiandikwa vizuri.

Kuna jambo jingine nalitaja haraka kwa sababu sijalimaliza kulisoma. Siku hizi hata mfuko hauhitajiki, wakishasoma vinasaba vya kiumbe wanaviweka kwenye kompyuta na mtu yeyote duniani anavitumia. Mataifa yalikubaliana Cali, Kolombia, 2024, na mfuko wa pesa ukazinduliwa Februari 2025 ili kampuni zinazonufaika na data hizo zichangie. Je, vinasaba vya viumbe wetu vimeshapandishwa huko? Na jina la nchi yetu limeandikwa pembeni yake? Kama halijaandikwa tumeshapotea kwa njia ya pili kabla hatujamaliza ya kwanza.

Kwa hiyo waheshimiwa, ninachoomba kwa niaba yangu na kamati yetu, ambayo ilinisikiliza nikiisoma barua hii yote kabla sijaituma:

Kwanza, mtafute mifuko 63 na mtujibu kwa maandishi ndani ya siku 90, kila namba na hali yake. Mkishindwa kuipata pia mtuambie kwa maandishi kwamba imepotea.

Pili, na hili ndo kubwa, mfungue daftari la wazi la sampuli zote za viumbe wa baharini zinazotolewa kwa kibali kuanzia 2018, liwekwe mtandaoni kwa Kiswahili, na kopi yake ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji ilikotoka sampuli. Lisifutwe. Likae miaka hamsini na zaidi kwa sababu nimeshawaonyesha dawa inachukua muda gani.

Tatu, nusu ya kila sampuli, au kipande tu kama ni ndogo, ibaki kwenye taasisi ya ndani ya nchi. Tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Zanzibar, wataalamu wapo. Wapewe friza na jenereta ya kuaminika, vijana wetu wajifunze kupima wenyewe badala ya kubeba barafu.

Nne, kibali kisianze tena bila kijiji kuridhia kwa maandishi, na anayekuja arudi. Akishindwa kurudi mwenyewe atume taarifa isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kabla hajapewa kibali kingine.

Tano, wizara ya afya na nyie mtoe tamko moja fupi kwa redio kuhusu unga wa jongoo bahari na vitu vya namna hiyo. Hili halihitaji kusubiri hata wiki.

Daftari langu bado lipo, nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la baba, kurasa kumi na nne, maji ya chumvi yameliharibu pembeni lakini namba zote zinasomeka. Nimeshalipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kila mjumbe wa kamati ana nakala kwenye simu yake. Bamvua lijalo likipita nitapanda basi nije nalo tena ofisini, sitakuja na nakala, nitakuja na lenyewe, ili mhusika akae na mimi tulinganishe namba moja mpaka 63. Naomba tu safari hii awepo mtu.

Wenu mtiifu,

Nahodha na mpiga mbizi,
mjumbe wa kamati ya uvuvi ya kijiji,
pwani ya kusini.